Katuni Si Mchezo Tu: Mtoto wa Garsen na Sayansi ya Visivyoonekana

Ukitaja neno katuni mbele ya wazee wetu wa pwani, wengi watakucheka. Kwao katuni ni paka anayemkimbiza panya, ni kelele za kumtuliza mtoto wakati mama yake yuko jikoni, ni kitu cha kuzimwa mara tu adhana inapolia. Kuwaambia kwamba picha hizo hizo zaweza kumfunza mtoto mdogo elimu ya sayansi ni sawa na kuwaambia kwamba ngoma yaweza kulima shamba.

Mimi sikuandika makala haya ili nibishane na wazee. Nilikwenda Garsen, nikakaa huko siku chache, nikaingia madarasani, nikazungumza na walimu, maustadhi na wazazi, kisha nikarudi na neno moja la kusema. Picha za katuni zina kazi yake maalumu, nayo ni kumwonyesha mtoto kile ambacho jicho lake haliwezi kukiona. Zikitumiwa kwa kazi hiyo, na mwalimu akawa amesimama kando yake, zina manufaa makubwa. Zikitumiwa badala ya mwalimu, au badala ya maji, udongo na mbegu, ni hasara tupu.

MTO NA WATU WAKE

Msomaji ambaye hajapata kupita njia ya Malindi kwenda Lamu yafaa aelezwe kwanza Garsen ni mahali gani. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Tana River, karibu na njia panda. Njia moja yatoka Malindi, ya pili yaelekea Witu na Lamu, na ya tatu yapanda kaskazini hadi Hola, makao makuu ya kaunti, na kuendelea mpaka Garissa. Kando yake unapita mto Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, ambao una urefu wa karibu kilomita 1,000.

Wapokomo wamelima kandokando ya mto huu tangu enzi na enzi: mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Waorma na Wawardei huleta mifugo yao majini na malishoni wakati wa kiangazi. Kule Kipini, mto unapoingia baharini, utawakuta Waswahili na wavuvi wa Kibajuni. Waislamu na Wakristo wamechanganyika, misikiti na makanisa yamekaribiana, na lugha zinabadilika kutoka kijiji hadi kijiji.

Mto huu ndio riziki ya watu hawa, na ndio msiba wao. Chemchemi zake ziko mbali sana, katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Maji yakitoka huko hupita katika mabwawa ya kuzalishia umeme, na kubwa lao, Masinga, lilimalizika kujengwa mwaka 1981. Mvua ikizidi mlimani na mabwawa yakajaa, maji hufurika na kuteremka pwani. Watu wa Garsen waliyaona hayo mwaka 1961, wakayaona tena wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, kisha mwaka 2018, 2023 na 2024.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka 6. Anaamka asubuhi, jua linawaka, hapana hata wingu moja mbinguni, na hata hivyo maji yamefika mlangoni. Mwalimu mmoja wa chekechea aliniambia kwamba hilo ndilo swali ambalo kila mwaka wa mafuriko watoto humwuliza: "Mwalimu, maji haya yametoka wapi na mvua haikunyesha?" Yeye huchukua chaki, akachora mlima, akavuta mstari mpaka baharini. Watoto huutazama ule mstari, wakanyamaza. Mlima hawajapata kuuona, na bwawa hawalijui. Mstari wa chaki hausogei.

SOMO LA KICHOCHO

Shule niliyoitembelea iko katika kijiji cha delta, si mbali na mto. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwalimu aliyenikaribisha aliniomba hivyo. Ni mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole, ambaye amefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi. Siku hiyo alikuwa na kompyuta ya mkononi, projekta ndogo ya kuazima, na betri iliyojazwa moto kwa sola. Madirisha yalizibwa kwa leso mbili ili darasa liwe na giza. Watoto walikuwa wa Gredi ya pili, wamebanana kwenye madawati, na wale wa nyuma wamesimama juu ya viti.

Filamu ilikuwa fupi, ya dakika 3 hivi, nayo ilihusu kichocho. Mtoto wa katuni anakwenda haja ndogo kando ya mto. Ndani ya mkojo mna mayai madogo mno. Yakigusa maji matamu, mayai yanaanguliwa, na kidudu kinatoka kikiogelea kumtafuta konokono. Kikimpata, kinaingia ndani yake, kinakaa majuma kadhaa na kuzaana. Kisha vidudu vya namna nyingine vinamiminika kutoka kwa konokono, vinaelea majini, na mtoto mwingine akija kuoga vinapenya ngozi yake katika muda wa dakika chache bila yeye kuhisi kitu. Mwisho wake vinakuwa minyoo ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, na mtoto akienda haja huona damu.

Mwalimu hakuiachia filamu iende moja kwa moja. Aliisimamisha mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kwa Kipokomo kile kidudu kinatafuta nini. Mara ya pili ilikuwa pale kinapoingia kwa konokono. Mtoto mmoja akapaza sauti, na mwalimu akanitafsiria baadaye: "Kumbe konokono ni nyumba yake!" Darasa zima likacheka, lakini lilikuwa limekwisha kufahamu jambo ambalo watu wazima wengi hawalifahamu. Katika sehemu nyingi za Afrika, zamani kijana akikojoa damu watu walidhani ni alama ya kubaleghe tu.

Mara ya tatu mwalimu alitoa mfukoni makombe matatu ya konokono aliyoyaokota mtaroni, akayapitisha mkono kwa mkono. Mtoto mmoja akalalamika: "Mwalimu, wetu ni mdogo!" Alikuwa amemwona konokono wa ukutani akiwa mkubwa kama mbuzi. Basi mwalimu akaeleza kwamba ile ni picha iliyokuzwa, na kwamba kidudu chenyewe ni kidogo hata ukikitafuta kwenye kiganja cha mkono hutakiona.

Halafu msichana mmoja akauliza swali ambalo filamu haikuwa na jibu lake. Filamu ilikuwa imesema, "Usioge mtoni." Naye akauliza, "Sasa tutaoga wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Kijiji hicho hakina bomba. Filamu ilitengenezwa na watu ambao kwao kuoga mtoni ni hiari ya mtu. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akawaambia wawaambie mama zao wateke maji, wayaweke katika pipa au mtungi siku mbili kabla ya kuyaogea, kwa maana vile vidudu visipompata mtu hufa katika muda huo. Hiyo ni sayansi iliyo sahihi, nayo ilitoka kinywani mwa mwalimu. Lau kama watoto wangeachwa peke yao na ule ukuta, wangerudi nyumbani na katazo wasiloweza kulifuata.

PICHA ZATEMBEAJE?

Yafaa tujiulize picha hizi zimetoka wapi, maana wako wanaodhani kwamba ni jambo geni kabisa kwa watu wa dini yetu. Elimu ya nuru na jicho ina deni kubwa kwa Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufa Cairo karibu mwaka 1040. Katika kitabu chake Kitab al-Manazir alibainisha kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu ikaingia machoni, si kwamba jicho hutoa nuru ikaenda kuvigusa vitu, kama walivyodhani wengi kabla yake. Alichunguza pia nuru inayopita katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Masimulizi ya kale yasema kwamba aliitwa Misri ili atafute njia ya kuyatawala mafuriko ya mto Nile, akapanda mpaka Aswan, akaona kwamba kazi hiyo haiwezekani. Watu wa Tana wangemwelewa vizuri.

Katuni yenyewe ni hila ya jicho. Michoro mingi hupigwa, kila mmoja ukiwa na tofauti ndogo na uliotangulia, kisha huonyeshwa kwa haraka. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Jicho halipati nafasi ya kuzitenganisha, nao ubongo huziunga zikawa mwendo mmoja. Filamu ndefu ya michoro iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani ni ya mwaka 1926. Aliitengeneza mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, kwa vivuli vya karatasi alizozikata kwa makasi, na kisa chake alikitoa katika hadithi za Alfu Lela Ulela ambazo babu zetu wamezisimulia hapa pwani.

Kuzitumia picha hizi kwa mafunzo ya afya pia si jambo la jana. Mwaka 1943 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu fupi ya katuni juu ya mbu wa malaria, ikiwaonyesha watu mbu anavyozaliana katika maji yaliyotuama. Na hapa Afrika Mashariki, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, lenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zake, zipatazo 35, hazikuwa za katuni, lakini zilipelekwa vijijini kwa gari na kuonyeshwa usiku katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Baada ya hapo yakaja magari ya sinema ya serikali, ambayo wazee wengi wangali wanayakumbuka.

Kasoro ya sinema zile za kikoloni ilikuwa moja: watengenezaji walidhani wao ndio wenye kujua kila kitu, na kijiji ni cha kutazama tu. Hata leo kasoro hiyo yaweza kurudi ikiwa filamu ya mtoto wa Garsen itatengenezwa na mtu asiyejua kwamba Garsen hakuna bomba kila kijiji.

ZA KWETU ZIMEKUJA

Habari njema ni kwamba katika miaka ya karibuni Afrika Mashariki imeanza kutengeneza katuni zake yenyewe. Mwaka 2010 zilitoka Tinga Tinga Tales, zilizochorwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Hizo zilikuwa hadithi za wanyama, si masomo ya sayansi, lakini ziliwafunza vijana wetu ufundi.

Dar es Salaam ndiko lilikoanzishwa shirika la Ubongo mwaka 2013. Kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Tanzania mapema mwaka 2014, kwa Kiswahili, kikiwafunza watoto hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo. Kisha kikaja Akili and Me kwa walio wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro, na katika ndoto zake hukutana na wanyama wanaojifunza pamoja naye. Watoto wa Kenya nao wamekwisha kuvijua vipindi hivi. Hapa kwetu, mwaka 2021 ilitoka Super Sema, kazi ya kampuni ya Kukua, juu ya msichana wa Kiafrika anayetumia sayansi na ufundi kuwashinda maadui zake. Lupita Nyong'o ni mmoja wa waliotia sauti. Hata hivyo msichana huyo anazungumza Kiingereza, nayo filamu yatazamwa kwa YouTube, vitu viwili ambavyo ni adimu katika delta ya Tana.

Je, watoto hujifunza kweli, ama huburudika tu? Swali hili limechunguzwa. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliwapima watoto wa chekechea wa Morogoro, Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walioonyeshwa Akili and Me kwa majuma machache waliwapita wenzao walioonyeshwa vipindi vingine, katika mambo kama kuhesabu, kuzitambua tarakimu na kuyajua maumbo. Msomaji aangalie vizuri: hayo ni mambo ya msingi, si falsafa. Lakini mtoto huanza na msingi.

SAUTI YA NYUMBANI

Kile kilichonigusa zaidi Garsen ni habari ya lugha. Mtaala wetu wasema kwamba katika chekechea na gredi tatu za mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo. Katika kijiji cha Wapokomo mtoto husikia Kiswahili na kukifahamu upesi, maana lugha hizi ni ndugu. Mtoto wa Kiorma lakini anatoka katika lugha ya jamii nyingine kabisa, jirani wa Kiborana. Ukimweka mbele ya filamu ya Kiingereza ataona rangi na kusikia kelele, basi.

Katika darasa lile la kichocho walikuwako watoto wanne wa Kiorma. Mwalimu, ambaye ni Mpokomo, alimwita msichana mkubwa wa gredi ya sita akae nao na kuwafasiria kwa sauti ya chini. Niliwatazama. Mwanzo walikuwa wakiangalia huku na huku, lakini msichana alipoanza kusema nao waliukazia macho ukuta. Filamu ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilika ni sauti.

Na sauti ni rahisi kubadilishwa kuliko picha. Wale wa Vugiri wa miaka ya 1930 waliweka sauti zao katika sahani za santuri, mbali na filamu. Leo kuna mradi uitwao Scientific Animations Without Borders, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, chini ya Barry Pittendrigh na Julia Bello-Bravo, unaofuata wazo la namna hiyo kwa njia mpya. Hutengeneza katuni fupi juu ya kipindupindu, malaria na kilimo, kisha picha zile zile zikatiwa sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na mtu aweza kuzihifadhi katika simu na kumpa mwenzake bila intaneti. Kinachotakiwa ni mtu mwenye sauti safi, chumba kisicho na kelele, na mwalimu wa kuyapima maneno. Haya yote Garsen na Hola yapo.

NENO LA USTADHI

Nisingeweza kuondoka bila kuuliza madrasa inasemaje. Nilimwendea ustadhi mmoja baada ya swala ya alasiri, nikamtolea salamu, nikamweleza safari yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe wajua kwamba maulamaa wamekhitilafiana juu ya picha za viumbe vyenye roho. Wako wanaokataza kwa ukali. Na wako wanaotoa ruhusa kwa ajili ya kuwafunza watoto, wakiishika hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, aliyekuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume. Mimi siwezi kuwahukumia watu wote. Lakini lanisumbua zaidi lile linalokuja nyuma yake. Leo utamwonyesha konokono, kesho mashine ile ile itamwonyesha uchi na ngoma, na swala imepita."

Nikamweleza somo la kichocho. Akatabasamu. Akasema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwamba yeye huwafundisha watoto hilo kila mwaka katika mlango wa tohara. "Wanalihifadhi," akasema, "lakini hawajui madhara yake. Ikiwa picha yako itawaonyesha madhara, basi imenisaidia. Sharti mwalimu awepo, na ikimalizika izimwe."

Naona sharti la ustadhi lina akili nyingi. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe kabisa mbele ya televisheni au simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, tena ikipungua ndiyo bora.

BETRI NA KABATI

Sasa tuje kwenye mambo ya gharama. Laini ya umeme mkubwa itokayo Rabai kwenda Lamu hupitia Garsen, lakini waya kupita juu si sawa na taa kuwaka nyumbani. Katika vijiji kadhaa vya delta sola ndiyo tegemeo. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza nchini kote, vikiwa na masomo ndani yake. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini katika shule moja niliyoipitia vishikwambi vimo kabatini, vimefungwa kwa kufuli, vingine betri zimekufa. Mkuu wa shule hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba mlinzi wa usiku ana gharama kuliko walivyodhani, na kwamba hakuna fundi karibu.

Kisha ukaja msiba wa korona. Machi 2020 shule zote zilifungwa, na watoto wa madarasa mengi hawakurudi hadi Januari 2021. Masomo yaliletwa kwa redio na kwa chaneli ya Edu ya taasisi ya mitaala, KICD. Nilimwuliza mama mmoja wa Kiorma kama wanawe waliyapata. "Redio tulikuwa nayo, mwanangu," akajibu. "Mawe ya redio ndiyo hatukuwa nayo." Huko kwake, mtoto aliyekuwa ameanza kusoma herufi mwezi wa Machi, mwaka uliofuata alianza upya.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba katuni ni dawa ya umaskini. Mahali pasipo betri, hapana katuni. Na yako mambo ambayo hayahitaji betri hata kidogo. Mtoto wa Garsen hana haja ya kuonyeshwa kwa picha jinsi mbegu ya embe inavyochipua, kwa kuwa maembe yanaoza chini ya mti nje ya darasa. Apewe mbegu aipande. Hana haja ya katuni ya kiluwiluwi cha chura, maana mitaro imejaa. Apewe chupa. Mwalimu anayezima jua ili awaonyeshe watoto picha ya jua anawapotezea wakati.

KIFANYWE NINI?

Mambo ambayo jicho haliwezi kuyafikia ndiyo yanayostahili betri. Naona yako manne kwa watu wa Tana: kidudu cha kichocho, kijidudu cha kipindupindu ndani ya maji yanayoonekana safi, malaria inavyosafiri ndani ya mbu, na safari ya mto wenyewe kutoka mlimani. Manne haya yangetosha filamu fupi nne, za dakika 3 au 4 kila moja.

Hiyo ya nne, ya mto, siyo ya kupuuzwa. Itengenezwe ionyeshe wingu juu ya Mlima Kenya, mvua ikinyesha, vijito vikikutana, Masinga ikijaa mpaka ikamwaga, maji yakipita Garissa, Bura na Hola, siku zikihesabiwa moja moja, hadi yafike Garsen chini ya jua kali. Mtoto akiiona mara moja atalifahamu lile alilouliza. Na zaidi ya hapo, mabwawa yakitangazwa redioni kwamba yamejaa, yeye ndiye atakayemwambia baba yake kwamba ni wakati wa kuhamisha mbuzi na magunia ya mpunga, ingawa mbingu ni nyeupe.

Kwanza, yafaa kaunti iifanye kazi hii ni yake. Kwa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa serikali za kaunti, nayo ya msingi mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo Hola na Nairobi lazima wakae meza moja, na KICD iyapime maneno ya masomo. Wachoraji wapo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Pili, kila filamu itiwe sauti tatu: Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, na sauti hizo ziwe za watu wa huko.

Tatu, kabla ya kuchora hata mstari mmoja, wachoraji wapelekwe delta wakawasikilize watoto. Lile swali la "tutaoga wapi" lijibiwe ndani ya filamu, si nje yake.

Nne, fedha zisimalizwe zote katika mashine. Zitengwe za kumfunza mwalimu lini aisimamishe filamu, aulize nini, na amletee mtoto kitu gani cha kushika mkononi.

Mambo haya hayahitaji miujiza. Mashine moja, betri moja na mwalimu mmoja aliye hodari vyaweza kuhudumia shule tatu au nne kwa zamu. Wazee wangu wa pwani wanaocheka wakisikia katuni wana haki ya kucheka hizo za paka na panya. Lakini mvua za masika zitanyesha tena kule mlimani, mabwawa yatajaa, na maji yatashika njia yake ya siku zote. Tukichelewa, yatafika Garsen kabla ya mtoto kuelezwa yametoka wapi.